Mzee wa Ramani anajibu: Uswahilini sio ugonjwa

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu humu kwamba korona ilitufunulia mambo mengi kuhusu miji yetu na sisi tukafunika kombe mwanaharamu apite, basi maswali yamemiminika mpaka mhariri akanipigia kuuliza mzee umewafanya nini watu. Nimechagua machache. Wale mlioulizia bei ya viwanja Kigamboni mnisamehe, mi nimestaafu mipango miji baada ya miaka 31, sijawahi kuwa dalali na uzeeni ndo sitaanza.

*Shikamoo mzee. Mi ni mama ntilie huku Mbagala, nina watoto watatu na mdogo wangu tunakaa chumba kimoja cha kupanga. 2020 shule zilipofungwa nilikuwa nao wote ndani kutwa nzima, wateja hawapo, yaani acha tu. Sasa kila kikao cha mtaa tunaambiwa mmebanana mno ndo maana magonjwa hayaishi, leo korona kesho kipindupindu, na mji wa kisasa lazima watu watawanywe. Ni kweli sisi kubanana ndo ugonjwa wenyewe? Na tukitawanywa nitamuuzia nani chapati? — Mama Watatu, Mbagala*

Marahaba mama. Nikupe jibu kwanza: hapana. Nyumba kubanana na watu kubanana ndani ya chumba ni vitu viwili, na watu wa ofisini (nilikuwa mmoja wao najua ninachosema) wanapenda kuvichanganya kwa sababu cha kwanza kinaonekana kwenye ramani na cha pili mpaka ubishe hodi.

Chukua New York ya 2020, kule kulikuwa na moto kweli. Ungetegemea Manhattan penye magorofa yamesimama kama meno ndo pangeoza kuliko kote, lakini ukigawanya wagonjwa kwa idadi ya wakazi waliozidiwa ni Bronx na Queens, hata Staten Island ambako watu wana nyumba na bustani zao. Kule Queens mitaa iliyoumia sana ni Elmhurst na jirani yake unaoitwa Corona (bahati mbaya ya jina tu), ni mitaa ya wahamiaji, chumba kimoja watu kibao, na kazi zao ni zile lazima utoke asubuhi, kuosha vyombo, kufagia, kupeleka mizigo. Hawakuwa na namna ya kukaa nyumbani. Si unaona wanafanana na nani?

Au Hong Kong, mji uliobanana kuliko Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Mpaka 2021 inaisha walikuwa wamezika watu mia mbili na ushee kwa korona, mji mzima. Mwaka uliofuata kirusi kipya kikaingia kikakuta wazee wengi hawajachanjwa wakafa kwa maelfu ndani ya miezi michache. Magorofa ni yaleyale, ngazi ni zilezile, kilichobadilika sio ramani.

Kipindupindu nacho usikubali wakutwishe. Hicho ni maji na choo basi. London 1854 watu wa Soho walikuwa wanakufa kama kuku, daktari John Snow akafuatilia nyumba kwa nyumba akagundua wengi wanachota kwenye pampu moja ya mtaa wa Broad Street, mpini wa pampu ukang'olewa. Baadaye injinia wao Bazalgette akawajengea mtandao mkubwa wa mifereji ya majitaka chini ya ardhi. Hawakuwatawanya watu wa London porini mama, waliwapelekea bomba.

Kwa hiyo shida yako ya kweli ni kwamba mko watano kwenye chumba chenye dirisha moja, na ukiambiwa nawa mikono sekunde 20 wewe unapiga hesabu ya dumu. Hilo linatibika hapohapo ulipo. Manzese miaka ya 70, kwenye ule mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia, walipitisha barabara, wakaingiza maji na taa, na watu wengi walibaki palepale, mpaka leo Manzese ipo na wajukuu wamejenga magorofa.

Sasa ujue hili neno kutawanya lina babu yake. Wajerumani mwaka 1914 walikuwa tayari wanapanga kuwatoa Waafrika katikati ya Dar wawapeleke upande wa pili, vita ikawakatisha, Waingereza wakaja kumalizia. Mji ukakatwa Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na katikati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa ukanda mtupu, sababu ikatajwa ni afya, eti magonjwa ya Waswahili yasivuke. Ule ukanda ndo Mnazi Mmoja, unapita pale kila siku na daladala. Nairobi 1902 tauni iliingia kwenye Bazaar ya Wahindi, dawa waliyoiona ni kuichoma moto Bazaar yote. Na usidhani ni mambo ya zamani, Mei 2020 wakati watu wanahimizwa kubaki majumbani, Kariobangi kule Nairobi maelfu walibomolewa nyumba zao kwenye msimu wa mvua. Ugonjwa huwa ni kisingizio kizuri sana cha kupata kiwanja.

Kwenye kikao kijacho nyoosha mkono uulize bomba la mtaa linakuja lini, choo cha wapangaji kina matundu mangapi kwa watu wangapi, na kama ni kuhamishwa kiwanja cha mnakopelekwa kina soko umbali gani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, ila hiyo inamzungumzia mwenye nyumba wako, mpangaji huwa anakumbukwa lori la mizigo likishafika. Ndo maana uulize mapema, na waambie waandike kwenye muhtasari.

*Mzee heshima yako. Najenga kwa mikupuo Chanika nimefika kwenye linta. Fundi anasema madirisha ya aluminiamu ya kusukuma ndo kisasa, mke wangu ni nesi anasema tangu korona yeye ni hewa kwanza anataka luva kama za kwa bibi yake Tanga. Nyumba ni vyumba vitatu, sebule, koridoo katikati. Tumenuniana wiki ya pili. Amua wewe. — Mjenzi wa Mikupuo*

Mkeo yuko sahihi, ila kwenye luva tutaongea.

Dirisha la kusukuma lina vioo viwili na kimoja lazima kijifiche nyuma ya mwenzake, maana yake umelipia dirisha la mita mbili unapata uwazi wa mita moja, nusu ya hela yako imekaa tu inaangalia. Halafu juu umeweka wavu wa mbu ambao na wenyewe unakata upepo, ukiacha vumbi la Chanika lisafishwe mara moja kwa mwaka pale ni kama ukuta. Luva zinafunguka karibu zote, hewa inapita hata mvua ikinyesha, ila vioo vyake vinachomolewa na vibaka kimoja kimoja kama karata na wavu wake una shughuli. Mi ningekwambia uweke aluminiamu hiyohiyo lakini ya kufunguka kama mlango, grili ikae kwa ndani, ufikirie na fundi mapema kwa sababu akishapachika grili ndo hapo unagundua bawaba hazina pa kwendea.

Na kabla hujafunga linta, weka tofali za matundu juu ya kila dirisha na juu ya kila mlango wa ndani. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na feni. Hewa ya moto inapanda, ikikosa pa kutokea inazunguka humohumo na vyote ilivyobeba. Mkeo anajua hili: mwanzoni 2020 hata Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema korona haisambai kwa hewa, tukawa tunasugua meza na vitasa vya milango mpaka mikono inachubuka, kufika 2021 likakubali kwamba inaelea kwenye hewa ya ndani, ni kama moshi wa sigara, ukiweza kunusa sigara ya mtu ujue mnagawana pumzi. Kwa maofisi na mashule wakashauri lita kumi za hewa mpya kila sekunde kwa kila mtu. Kwetu sisi hilo halihitaji mashine, linahitaji matundu mawili yanayoangaliana.

Yaangaliane wapi? Hapa ndo tumesahau elimu ya mababu. Pwani hii ina kusi na kaskazi. Kusi inakuja toka upande wa kusini kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi. Chumba kikiwa na dirisha upande wa kusini na tundu lolote upande wa kaskazini mwaka mzima hakikosi pumzi. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa inajua hayo yote, koridoo inakatisha toka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba huku na huku, jiko na choo uani, baraza mbele, ukifungua milango yote miwili saa kumi jioni nyumba inavuta hewa kama filimbi. Sisi tumeiziba. Uani tumejenga vyumba vya kupangisha, koridoo tumeweka friji, baraza tumeizungushia kioo tumefanya fremu ya duka la miamala.

Usifanye hivyo. Najua kodi ni tamu, lakini ukijaza kiwanja chote mpaka ukuta wa jirani hayo madirisha yatakuwa yanapumulia ukuta. Na sio korona tu, kifua kikuu hakijawahi kuondoka kwenye mji huu, na kabla dawa zake hazijapatikana tiba ilikuwa hewa safi na kupumzika, hospitali kama Kibong'oto kule Kilimanjaro ilianza 1926 kwa ajili hiyo. Nenda siku moja hospitali ya Ocean Road uangalie lile jengo la Mjerumani, dari iko juu, veranda pande zote, limeelekea baharini. Waliojenga walikuwa hawana umeme wa kutegemea hivyo ikabidi watumie akili.

Mpe mkeo pole kwa wiki mbili. Luva muwekee jikoni.

*Mzee ile levo siti ya 2020, abiria wote kukaa hakuna kusimama, mbona ilikuwa raha sana kwenye daladala, kwa nini isirudi moja kwa moja? — Abiria wa Gongo la Mboto*

Ilikuwa raha kwa aliyepata siti. Aliyebaki kituoni saa mbili usiku na mtoto mgongoni hukumuuliza. Gari ni zilezile ukipunguza watu ndani umeongeza watu kituoni, na konda hesabu ya tajiri haipungui. Levo siti ya kudumu inakuja na mabasi mengi, sio na trafiki wengi.

*Mzee wangu salamu kutoka Nairobi. Naishi Pipeline floo ya sita, dirisha langu linaangalia ploti ingine nikinyoosha mkono nagusa ukuta, taa ni mchana na usiku. Kafyu ya 2020 ilitupata vibaya, saa moja jioni uko nje ni kiboko, matatu zikaambiwa zibebe watu kidogo nauli ikapanda karibu mara mbili, nikaanza kutembea kwenda job Industrial Area na mpaka wa leo natembea. Sasa naskia Paris wako na mji wa dakika kumi na tano. Hiyo kitu inaweza fanya Nairobi ama ni hadithi za wazungu? — Mtembezi*

Kijana wangu, karibu sana, na pole kwa hilo dirisha.

Hiyo habari ya dakika kumi na tano ni ya profesa mmoja wa Paris anaitwa Carlos Moreno, alianza kuizungumza 2016, meya wa wakati huo Anne Hidalgo akaiingiza kwenye kampeni yake ya 2020 na korona ikampa upepo. Maana yake kila unachohitaji, shule, duka, zahanati, bustani, ikiwezekana na kazi, ukifikie kwa miguu au baiskeli ndani ya robo saa. Walifungia magari binafsi barabara kubwa ya Rue de Rivoli wakawapa watembea kwa miguu na baiskeli. Bogotá nao Machi 2020 waliweka koni barabarani wakatengeneza njia za baiskeli za kilomita kadhaa ndani ya siku chache, lakini wao hawakuanzia sifuri, tangu 1974 kila Jumapili wanafunga barabara kuu watu wanatembea.

Sasa nikuulize. Ukishuka hizo ngazi zako, kinyozi yuko wapi? Mama mboga? Fundi viatu, chapo, M-Pesa, kanisa, duka la dawa? Dakika mbili. Pipeline na Tandale zilikuwa miji ya dakika tano kabla Paris hawajaipa jina. Tulichonacho karibu ni kile tulichojitengenezea wenyewe, na kilicho mbali ni kile ambacho kazi ya kukileta ni ya serikali: maji, shule ya sekondari yenye uwanja, hospitali yenye kitanda, kivuli, na njia ya kupita bila kugongwa. Kwa hiyo ukiniuliza mimi sio hadithi za wazungu, ni hadithi yetu ambayo imekosa nusu ya pili.

Na hapa nijisahihishe kabla Mama Watatu wa Mbagala hajaninukuu vibaya. Niliposema kubanana sio ugonjwa sikumaanisha Pipeline. Pale tatizo ni mwenye ploti kujaza ardhi yote toka beacon (jiwe la mpaka) mpaka beacon kisha akapanda floo saba nane, jua halishuki chini na hewa haipiti katikati. Mji ule ule ungeweza kubeba watu walewale kama majengo mawili yangeshirikiana ua mmoja katikati. Hiyo sio elimu ya roketi, ni kibali cha ujenzi ambacho mtu hakukisoma au alikisoma akiwa na bahasha mkononi.

Kutembea kwako nako nakuhesabu kama hoja. Karibu safari nne katika kumi za Nairobi ni za miguu, na bado barabara inapangwa kana kwamba mtembeaji ni mtu aliyekosa gari kwa bahati mbaya. Wakati wa korona walitengeneza njia nzuri za miguu katikati ya mji, Kenyatta Avenue, Wabera, Muindi Mbingu, nilizipita mwenyewe na nikafurahi. Lakini miaka hiyohiyo ikajengwa Expressway ya kilomita 27 ya kulipia, Mlolongo mpaka Westlands, ikafunguliwa 2022, inapita juu ya vichwa vya watu kama wewe. Novemba 2021 kwa ajili ya barabara ya kuunganisha na hiyo, jirani zako wa Mukuru kwa Njenga wakavunjiwa nyumba kwa maelfu. Uchungu ni kwamba Mukuru hiyohiyo ilishatangazwa na kaunti mwaka 2017 kuwa eneo la mpango maalum, watu walishakaa wakapanga. Nitaisema zaidi kwenye swali la chini.

Mwisho, msizoee kupoteza sehemu za wazi. Kule kwenu kuna Uhuru Park kwa sababu Wangari Maathai 1989 aligoma kujengwe gorofa la floo 60 ndani yake, akatukanwa mpaka bungeni. Karura hivyohivyo, 1999 alipigwa akitetea msitu. 2020 ilipofika na watu wamechoka kufungiwa ndani, kila mtu akakumbuka msitu uko wapi.

*Shikamoo mzee. Niko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Ardhi. Tunafundishwa mipango kabambe ya Dar lakini nikitoka nje ya geti nauona mji mwingine kabisa. Kuna maana gani ya kupanga? Na je baada ya korona tubadilishe nini kwenye kupanga kwenyewe? — Mpanga Miji Mtarajiwa*

Marahaba. Swali lako lilinikosesha usingizi 1989 kwa hiyo uko kwenye njia nzuri.

Dar ilipewa mpango wa 1949 na Waingereza, wa 1968 na wa 1979 na makampuni ya Canada, huo wa 79 ulikuwa wa miaka 20, halafu kimya kirefu mpaka tukaanza kuzungumzia huu wa 2016 mpaka 2036. Sensa ya 1967 mji ulikuwa na watu kama 272,000, ile ya 2022 ikatuhesabu 5,383,728. Mji haukusubiri ramani ikauke wino. Watu wakanunua mashamba kwa mjumbe, wakajenga, ofisi ikafuata nyuma na kamba ya kupimia ikiita waliojenga wavamizi.

Nenda kasome Mukuru. Pale kuna kaya zaidi ya laki moja kwenye vipande vya ardhi vyenye migogoro, Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, wakashinikiza, kaunti ikasimamisha ujenzi mpya, mashirika zaidi ya 40 yakaingia, vyuo, mawakili, wahandisi. Lakini kilichonivutia mimi ni jinsi walivyowapanga wakazi: nyumba kumi wanatengeneza kikundi, vikundi vinatoa wawakilishi, wawakilishi wanabishana kuhusu barabara ipite wapi. Nyumba kumi! Sisi huo muundo tunao tangu enzi za TANU tunautumia kuandika barua za kufungulia akaunti benki. Na walikubali barabara ziwe nyembamba kuliko kanuni inavyodai, kwa sababu wangefuata kitabu wangebomoa nusu ya watu waliokuwa wanapangiwa. Kitabu chenu cha viwango kiliandikwa kumuwazia mtu mwenye gari, mwanangu, we mpangie aliyebeba ndoo. Ulishawahi kupima uchochoro kwa kuangalia kama machela inakata kona? Ulishawahi kuhesabu hatua toka kitanda mpaka bomba? 2020 ndo vipimo tulivyovihitaji na havikuwepo kwenye ramani yoyote ofisini kwetu, tulikuwa na ramani ya matumizi ya ardhi yenye rangi nane nzuri sana na hatukujua mtaa upi hauna maji.

Najua tulivyokuwa wabishi. Mi mwenyewe nilishawahi kuchora eneo la kupumzikia juu ya nyumba za watu 40 kwa sababu picha ya zamani ilionyesha pori. Bahati mchoro ule haukupata bajeti.

*Mzee mimi ni machinga Mwanza. Korona tuliambiwa sehemu ya wazi ndo salama, kuisha tu tukaambiwa tuingie ndani ya soko la ghorofa. Hii akili gani? — Mzee wa Mitumba*

Hii ni akili ya kutaka barabara zionekane safi kwenye picha. Desemba 2018 mlipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 mkauze popote, 2021 mkaambiwa mtoke barabarani, nchi nzima, hakuna biashara inayoweza kupanga mwaka hapo. Mi sikatai kwamba njia za miguu zilikuwa zimezibwa, nina magoti mabovu nimeshaingia barabarani mara nyingi kukwepa meza za viatu. Lakini mnunuzi wa mitumba hapandi floo ya pili, ananunua kwa sababu amepita. Mkae walipo wanaopita, mstari upakwe rangi chini, mtembeaji apewe mita mbili zake na mwenye meza apewe moja, juu pawe na kivuli, na choo kiwepo. Ni rahisi kuliko ghorofa na hewa inapita. Ila na nyie mstari ukichorwa msiuvuke, maana nawajua.

*We mzee unatufundisha sana, kwani mwenyewe unakaa wapi? Masaki? — Msomaji asiyetaka jina*

Sinza. Kiwanja kidogo, cha ule mradi wa viwanja vya miaka ya 70, nilikinunua kwa mtu na kwa mkopo wa kazini. Nyumba ina koridoo, na ndiyo, friji liko kwenye koridoo, mke wangu kashanisoma humu kacheka.

Na kwa kuwa umeuliza ngoja niseme. Nyuma ya nyumba yetu kwenye ramani ya mtaa kuna eneo la wazi, nimeishika ramani yenyewe kwa mikono yangu. 2020 shule zilipofungwa watoto wa mtaa mzima walikuwa pale toka saa mbili asubuhi, mpira wa makaratasi, rede, wazee tukaweka viti kwa nafasi nafasi chini ya mti wa mkungu tunacheza bao kila mmoja na barakoa imening'inia kidevuni. Nadhani ndo sehemu pekee mtaani kwetu iliyofanya kazi mwaka ule. Mwaka uliofuata akaja mtu na mabati, akazungushia robo, eti anahifadhi kokoto kwa muda. Kokoto zikawa banda, banda likawa baa, mkungu ukakatwa kwa sababu majani yalikuwa yanadondokea kwenye bia. Mi mpanga miji mstaafu nilikuwa naangalia kwa dirishani, nikawa nasema nitaandika barua kesho.

Barua nimeandika mwezi wa tatu mwaka huu, majirani 62 wamesaini, nakala ya ramani nimeibana na pini. Kikao cha serikali ya mtaa ni Jumamosi saa nne asubuhi. Unayekaa jirani njoo, na uje na kiti chako.